Fimbo ya pool ya bei nafuu kutoka Kariakoo: tazama ncha kabla ya mapambo

Mtu anayecheza pool mwisho wa juma kwa kujifurahisha hahitaji fimbo ya gharama kubwa, lakini anahitaji fimbo yake mwenyewe, kwa sababu zile zinazoegeshwa ukutani katika baa zetu za Sinza, Magomeni na Temeke zimepita mikononi mwa watu wengi, nyingi zimepinda, na ncha zake ama zimekakamaa ama zimebanduka kabisa. Fimbo ninayoieleza hapa haina chapa inayojulikana. Ni ya vipande viwili vinavyounganishwa kwa skrubu, ina urefu wa sentimita 145, na niliinunua katika duka la vifaa vya michezo Kariakoo kwa Sh 75,000 baada ya kupatana na muuzaji. Nimeitumia tangu kabla ya masika na ninairidhia, ingawa si kwa kila mchezaji.

Jambo la kwanza la kuuliza, na ambalo wauzaji wengi hawalitaji mpaka uwaulize, ni unene wa ncha. Meza ndogo za futi 7 za kutumbukiza sarafu, ambazo ndizo ninazozikuta katika baa nyingi ninakocheza, hutumia mipira yenye kipenyo cha takribani milimita 51, ilhali mipira ya pool ya Kimarekani ina kipenyo cha takribani milimita 57 na ni mizito zaidi. Fimbo iliyotengenezwa kwa ajili ya mipira ile mikubwa huwa na ncha ya takribani milimita 13, na ukiipeleka kwenye meza ndogo unapoteza usahihi, kwa kuwa ncha pana inaufunika mpira mweupe na ni vigumu kuona unaugusa wapi hasa. Kwa meza zetu ndogo, ncha ya milimita 8 hadi 10 inafaa zaidi. Katika duka hilo fimbo za aina zote mbili zilikuwa zimechanganywa katika pipa moja, na zile nene ndizo zilizokuwa na michoro ya joka na rangi za kuvutia, kwa hiyo mnunuzi asiyejua hushawishika kuchukua asiyoihitaji. Yangu ina ncha ya milimita 9 na mbao yake ni ashi, inayotambulika kwa mistari mirefu ya nyuzi inayoonekana wazi. Zile nene nyingi huwa za mepo, ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada.

Baada ya ncha ni unyoofu, na hapa mnunuzi asione haya kumchelewesha muuzaji. Kwanza viringisha kila kipande peke yake juu ya kioo cha kaunta na utazame kama katikati kunainuka na kushuka, kisha uunganishe vipande na urudie. Kitako kinaweza kunyooka na sehemu ya mbele ikanyooka, lakini skrubu ikiwa imekaa upande, fimbo nzima itayumba. Fimbo tatu za kwanza nilizopewa zilikataa jaribio hilo. Ya nne ilipita, na kiungio chake kilikaza bila kuacha mwanya. Sikuona sababu ya kuangalia nyingine.

Unyoofu wa dukani, hata hivyo, hautoshi katika mji wa pwani kama huu. Mbao hufyonza na kutoa unyevu, na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani huikausha upesi na kuipinda. Isitoshe, fimbo iliyoegemezwa ukutani kwa miezi hupindishwa na uzito wake yenyewe. Yangu huilaza ndani ya mfuko wake, ikiwa imetenganishwa, mbali na dirisha, na mpaka sasa bado imenyooka. Kutenganishwa huko ndiko pia kunakoniwezesha kupanda nayo mwendokasi bila kumbughudhi abiria mwenzangu.

Kasoro yake kubwa ni vanishi. Sehemu ya mbele ilipakwa vanishi nzito inayong'aa, na mikono ikianza kutoka jasho, fimbo inanata kati ya vidole badala ya kuteleza. Nilitumia msasa laini sana, kwa mwendo mwepesi unaofuata urefu wa mbao, nikaifuta kwa kitambaa kikavu, na sasa inateleza vizuri. Kazi hiyo ingepaswa kufanywa kiwandani.

Kuhusu uzito, chagua unaoustahimili mkono wako. Yangu ina gramu takribani 510, nami nisingetaka nzito zaidi kwa mipira midogo.

Pesa ya ziada, kama ipo, iende kwenye ncha. Ncha ya ngozi, ambayo Mfaransa François Mingaud ndiye anayesifiwa kwa kuieneza mwanzoni mwa karne ya 19, ndiyo inayomwezesha mchezaji kuupiga mpira mweupe chini ya kitovu chake ukarudi nyuma, au kuupiga ubavuni ukazunguka, bila fimbo kuteleza. Epuka fimbo ambazo ncha yake hufungwa kwa skrubu, kwa sababu hulegea katikati ya mchezo. Iliyogandishwa kwa gundi ni bora, na ikichakaa hubadilishwa. Usiipake chaki ya ubaoni. Chaki ya pool, ambayo William Spinks na William Hoskins walipata hataza yake Marekani mwaka 1897, hutengenezwa hasa kwa silika, yaani madini yaliyomo katika mchanga, na ukali wake ndio unaoifanya ngozi ishike mpira. Duka lilikuwa na chaki za kutosha, lakini ncha za akiba zilikuwa za milimita 13 peke yake, hivyo anayenunua fimbo nyembamba aulizie ncha za ukubwa wake kabla hajalipa, na asipozipata atafute duka jingine linaloziuza pamoja na fimbo.