Miaka Miwili Chini ya Mlezi: Tathmini ya Mpango wa Kuwalea Wasimamizi wa Shule Walatino, California

Mwezi Juni nilimaliza mwaka wa pili, ambao ndio wa mwisho, wa mpango wa ulezi wa kitaaluma ulioandaliwa kwa ajili ya wasimamizi Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa shule na wa ofisi za wilaya za elimu katika Bonde la Kati la California. Kwa kuwa wenzangu kadhaa kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika shule za Marekani wameniuliza kama unafaa, naona ni haki niwaandikie kwa kirefu. Mimi si Mlatino. Ni mzaliwa wa Tanga, nimefundisha hisabati kwa miaka kumi na mmoja, na sasa ni naibu mkuu wa shule ambayo watoto wengi wanatoka katika familia za wachumaji wa zabibu na lozi. Mpango humpokea yeyote anayewasimamia watoto hao, mradi aelewe kwamba umejengwa juu ya historia yao. Jina la mtandao unaouendesha naliacha, kwani nitakayoyalaumu yalitupata mimi na wenzangu wa kundi moja, na sipendi yawachafue watu waliojitolea kwa moyo.

Historia hiyo tulianza nayo siku ya kwanza. Januari 1931, huko Lemon Grove karibu na San Diego, mkuu wa shule alisimama mlangoni akawazuia watoto wa asili ya Meksiko wasiingie, akawaelekeza kwenye jengo la pembeni lililotengwa kwa ajili yao; wazazi walikataa kuwapeleka huko, wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka uleule. Mwezeshaji hakutuuliza sisi tungekuwa upande gani, maana swali hilo kila mtu ana jibu lake la kupendeza. Alituuliza mkuu yule alitumwa na nani, amri ilipitishwa katika kikao gani, na msimamizi mmoja Mmeksiko, kama angekuwepo katika wilaya ile, angeisikia lini. Bodi ya wilaya ile ya elimu ilikuwa imekwisha kuamua miezi kadhaa nyuma bila kuwaarifu wazazi. Katika mwaka wa masomo 2020–21 Walatino walikuwa asilimia 9 ya wakuu wa shule za umma nchini Marekani, ilhali zaidi ya robo ya wanafunzi ni Walatino, na katika California wamevuka nusu. Kwa hiyo swali la nani yumo kikaoni jambo linapoamuliwa bado lina uzito wake.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza: kila mshiriki hupewa mlezi mmoja, aliyewahi au anayeendelea kuwa mkuu wa shule au mkuu wa wilaya ya elimu, hukutana naye ana kwa ana au kwa simu angalau mara moja kwa mwezi, na kundi zima hukusanyika mara nne kwa mwaka. Mlezi wangu wa kwanza alikuwa mkuu wa wilaya aliye kazini, mtu mwema asiye na nafasi, akaahirisha miadi mitatu mfululizo. Novemba nilibadilishiwa, nikapewa mama mmoja mstaafu, binti wa wachumaji wa zabibu, ambaye mimi nilimwita maestra, yaani mwalimu, naye akaniita mija, yaani mwanangu. Tangu hapo mambo yalikuwa mengine kabisa.

Msomaji anayeijua California atasema kwamba malezi ya namna hiyo tayari yapo kisheria, na ni kweli: msimamizi mpya anayetafuta cheti cha kudumu cha uongozi hupitia miaka miwili ya kuongozwa, saa 40 hadi 60 kila mwaka, kwa kufuata viwango sita vya jimbo. Nimepitia huko pia, na sikudhulumiwa. Lakini mwongozaji wa cheti ana fomu mbele yake, na mtu hamwonyeshi udhaifu wake yule anayekusanya ushahidi kwamba amefuzu. Kwetu Tanga mwari alikuwa na somo wake, mwanamke mzima asiye mama yake, aliyemfundisha faraghani yale ambayo mama huona haya kuyatamka. Maestra alikuwa somo wangu. Hakuniandikia ripoti, mwajiri wangu hakupata neno kutoka kwake, na kwa sababu hiyo niliweza kumwambia kwamba sikuwa naelewa ajenda ya bodi hata nikiisoma mara tatu.

Akanifundisha kuisoma. Sheria ya jimbo ya mwaka 1953, iitwayo Brown Act, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na maestra alinitaka nimpigie simu ndani ya saa hizo, si baada ya kikao. Tulipitia mambo yanayopitishwa kwa pamoja bila mjadala, kwa sababu humo ndimo mikataba huzama. Siku moja nilimweleza kwamba nimezungumza na mjumbe mmoja wa bodi kuhusu madarasa ya lugha mbili na kwamba jioni hiyo ningewapigia wengine wawili, niwaeleze alichosema mwenzao. Akanikatiza: “Mija, usipige simu ya pili.” Bodi yetu ina wajumbe watano, watatu ni wengi wao, na mtu anayebeba mawazo ya mjumbe mmoja kwa mwingine hadi wingi upatikane amewasaidia kufanya kikao cha siri kinyume cha sheria hiyohiyo. Nilikuwa nimejifunza sheria hii chuoni. Sikuwahi kujua kwamba ningeivunja kwa nia njema, nikiwa jikoni kwangu na simu mkononi.

Alikuja pia kuniona nikiendesha kamati ya wazazi wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, ambayo kila shule yenye wanafunzi 21 au zaidi wa aina hiyo lazima iwe nayo. Wazazi wawili walihudhuria. Hakunipa hotuba, aliniuliza tu zabibu zinachumwa hadi saa ngapi. Kikao kilichofuata tulikiweka saa kumi na mbili na nusu jioni, na viti havikutosha.

Sasa kasoro, nazo si ndogo. Ratiba ya mpango husimama Februari hadi Aprili, kwa kuwa walezi walio kazini huzongwa na bajeti za wilaya zao. Lakini Machi 15 ndiyo siku ya mwisho ya wilaya kumwarifu msimamizi kwamba mwaka ujao huenda akaondolewa cheoni. Mwenzetu mmoja alipata barua hiyo, akaulizia mlezi wake, akaambiwa asubiri mkutano wa Mei. Mpango unaodai kuwalea viongozi hauwezi kuwa likizo katika wiki ambazo viongozi hao hutetemeka, na nimewaandikia waandaaji hivyo.

Jambo la pili ni fedha. Mfumo wa California wa kugawa fedha za shule, wa mwaka 2013, huipa wilaya nyongeza ya asilimia 20 ya ruzuku ya msingi kwa kila mwanafunzi mwenye uhitaji, na nyingine zaidi pale wanapozidi asilimia 55 ya wanafunzi wote. Tulifundishwa mfumo huu mchana mmoja. Karibu wenzangu wote walikuwa katika nafasi za lugha na mahusiano na familia. Nani atawafikisha kwenye meza ya bajeti, ambako mkuu wa wilaya hupimwa, ikiwa hata walezi wao wanaikwepa? Gharama za mafuta na hoteli nazo zilikuwa juu yangu, ingawa wilaya ililipa ada.

Naibu mkuu mwenye mwaka mmoja au miwili kazini namshauri ajiunge, aombe mlezi mstaafu tangu fomu ya kwanza, na wapatane mapema kuhusu simu za Februari na Machi. Aliye tayari katika ofisi ya wilaya na anayelenga ukuu wake hatashiba hapa. Afadhali autazame mpango wa ALAS, chama cha kitaifa cha wasimamizi Walatino kilichoanzishwa 2003, ambao umetengenezwa mahususi kwa wanaojiandaa kuwa wakuu wa wilaya.