Circuit Construction Kit: DC: hodari kwa ukinzani, pungufu kwa nguvu

Circuit Construction Kit: DC ni programu ya kujengea saketi za umeme wa mkondo wa mwelekeo mmoja (DC), kama ule wa betri, inayotolewa bila malipo na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Hufunguka ndani ya kivinjari, na anayetaka kuitumia pasipo intaneti anaweza kuipakua. Nimeipima kwa jambo moja tu, nalo ni kama inamsaidia mwanafunzi kukokotoa ukinzani (kiasi ambacho kifaa huzuia mkondo, kwa omu) na nguvu (kasi ya kutumia nishati, kwa wati) katika saketi sahili. Kwa upande wa ukinzani naisifu bila kusita. Kwa upande wa nguvu kuna pengo ambalo mwalimu hana budi kuliziba mwenyewe.

Vifaa vyake huja na thamani zinazorahisisha hesabu: betri ya volti 9, rezista na balbu za omu 10. Unaviburuta hadi uwanjani, unaviunganisha kwa nyaya, kisha unaweka amita ya kupima mkondo na voltimita ya kupima volteji pale unapotaka kusoma. Betri ikiunganishwa na rezista moja, kanuni ya Ohm, yaani volteji kugawanya kwa ukinzani, inadai mkondo wa ampea 0.9, na amita inaonyesha hivyo hivyo. Ukiongeza rezista ya pili kwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine, ukinzani wa jumla unafika omu 20 na mkondo unashuka hadi ampea 0.45. Hata mistari ya rangi kwenye rezista hubadilika unapobadilisha thamani yake, jambo dogo linaloonyesha kwamba waundaji wake walikuwa makini.

Utamu wa programu hii unaonekana hasa katika balbu. Chukua balbu mbili, moja ya omu 10 na nyingine ya omu 40, uziunganishe kwa mfululizo. Mkondo ni mmoja kwa zote, yaani ampea 0.18, na kwa kuwa nguvu ni mraba wa mkondo mara ukinzani, balbu ya omu 10 hutumia wati 0.324 ilhali ile ya omu 40 hutumia wati 1.296; kwa hiyo yenye ukinzani mkubwa ndiyo inayong'aa zaidi. Sasa zihamishe balbu hizo hizo ziwe sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake toka betri. Kila moja inapata volti 9 kamili, ukinzani wa jumla unakuwa omu 8, na mambo yanageuka: balbu ya omu 10 inapanda hadi wati 8.1 na ile ya omu 40 inafika wati 2.025 tu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba ukinzani mkubwa maana yake ni mwanga hafifu anaona kwa macho yake kwamba kauli hiyo haisimami mpaka aseme balbu zimeunganishwaje. Sijui ubao gani wa darasani ungelionyesha jambo hilo kwa uwazi kama huo.

Hata hivyo, wati zote nilizozitaja nimezikokotoa mwenyewe. Programu ina vipimo vya mkondo na volteji, lakini haina kipimo cha nguvu. Mtu anaweza kutetea kwamba hilo humlazimisha mwanafunzi kufanya hesabu, na kwa kiasi fulani nakubali. Tatizo ni kwamba akishaifanya, hana pa kuihakikisha isipokuwa kukisia kwa mwanga wa balbu, na rezista haina mwanga wowote.

Kasoro hiyo inauma zaidi unapoweka ukinzani wa ndani wa betri, kipengele kizuri ambacho ningependa kila mwalimu akitumie. Upe omu 1, ukiwa na rezista ya omu 10. Amita inasoma ampea 0.82 na voltimita inasoma volti 8.18, kwa sababu vipimo huishia kwenye tarakimu mbili baada ya nukta. Volteji mara mkondo inaleta wati 6.71, mraba wa mkondo mara ukinzani unaleta 6.72; mraba wa volteji ukigawanywa kwa ukinzani unaleta 6.69. Jibu sahihi ni 9 kugawanya kwa 11 (omu 10 za rezista na 1 ya ndani ya betri), upate mkondo usiokadiriwa, kisha mraba wake mara 10, yaani wati 6.69. Tofauti ni ndogo, lakini mwanafunzi anayeona majibu matatu atadhani amekosea kanuni, kumbe kosa la makadirio limekuzwa alipopiga mraba. Hapo kipimo cha nguvu kingemwondolea shaka mara moja.

Lalamiko langu kubwa zaidi linahusu moto. Ukipiga shoti, betri huwaka miali, na onyo hilo ni zuri. Lakini miali hiyo hutegemea mkondo kuwa mkubwa sana, wala haiangalii kila kifaa kinastahimili wati ngapi. Rezista ya omu 10 kwenye volti 9 inatumia wati 8.1 na katika programu imetulia kabisa. Rezista ndogo za kawaida za kujifunzia zimetengenezwa kubeba robo wati. Hiyo ingekuwa imebebeshwa zaidi ya mara 30 ya uwezo wake, nayo ingeungua na kumchoma vidole anayeigusa. Ningeomba waundaji waongeze kikomo cha wati kwa kila rezista, kwa kuwa hicho ndicho kinachoipa hesabu ya nguvu maana yake kazini.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, anayetoka kwenye programu hii kwenda kwenye vifaa halisi aandike wati za kila rezista kabla ya kuunganisha betri. Kwa volti 9, rezista ya omu 1,000 hutumia wati 0.081 tu, na ile ya robo wati inazimudu bila taabu. Ya omu 10 inahitaji rezista nene ya wati 10 au zaidi.