Raspberry Pi na programu ya Kodi sebuleni: kifaa hakina kosa, chaja niliyouziwa ndiyo yenye kosa

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Ukienda kununua Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ukapewa na chaja ya simu, ukaambiwa "zote sawa tu dada, mradi inaingia," shika hela yako uondoke.

Sikuwa na makubwa. Mama alikuwa anakuja kukaa kwangu wakati wa masika, nami nina mikanda ya zamani ya harusi na maulidi ya nyumbani niliyolipia ihamishiwe kwenye hadi diski. Marehemu baba yumo humo. Nilitaka Mama akae kwenye kochi, ashike rimoti ileile ya tivii aliyoizoea, ajichagulie anachotaka kutazama.

Kufunga hakukunisumbua. Niliweka LibreELEC, mfumo mwepesi wa kuendesha Kodi, ile programu ya kutazamia video, kwenye memori kadi. Ukiwasha tu unaikuta Kodi mbele yako, hakuna nenosiri wala mambo ya Windows. Palipokwama ni mahali pamoja tu: skrini nyeusi tii. Kumbe bodi ina matundu mawili madogo ya HDMI, nami nilichomeka la pili. Nilipohamishia waya kwenye lile lililo jirani na tundu la umeme, picha ikaja. Nikawasha CEC (inayoruhusu rimoti ya tivii kuendesha kifaa kilichochomekwa) kwenye menyu ya tivii, rimoti ikaanza kuiendesha Kodi kupitia waya huohuo. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Mama akafika. Jioni hiyo tukafungua harusi ya dada. Baba anasimama kumpa nasaha bwana harusi, mara alama ya radi ya njano ikajitokeza pembeni juu, diski ikaanza kugonga tik, tik, picha ikaganda. Baba kafungua mdomo, sauti hakuna. Mama akaniuliza, "Amesemaje?" Nikazima nikawasha. Ikaganda tena, safari hii hata hajasimama. Mama akasema amechoka, akaenda kulala. Mimi sikulala.

Ile radi maana yake umeme unaoingia kwenye bodi umeshuka chini ya volti 4.63. Pi 4 inataka adapta ya volti 5.1 na ampea 3, na diski yangu nayo ilikuwa inanyonya humohumo. Chaja ya simu yenye kiwaya chembamba itatoa wapi nguvu hizo? Muuzaji wa vitu hivi analijua hilo, au anapaswa kulijua.

Nikarudi dukani Kariakoo na mfuko wangu na risiti. Kijana hata mfuko hakuufungua. "Dada, hizi si kompyuta za kila mtu. Mwambie shemeji aje nimwelekeze." Shemeji gani? Mimi ndiye niliyetoa hela, mimi ndiye niliyefunga! Nikamweleza habari ya volti, akamgeukia mteja mwingine huku mimi bado naongea. Nimenunua vitu Kariakoo miaka mingi, watu wanacheka na wewe, wanapunguza bei, wanakubadilishia. Huyu alinidhalilisha mbele za watu.

Wiki hiyo ungeniuliza ningekwambia usiguse kabisa Raspberry Pi, kanunue hata kompyuta kuukuu ya ofisini uichomeke kwenye tivii. Ningekuwa nimekosea. Nilipata adapta yenyewe duka jingine, nikaongeza hab ya USB (kiongeza matundu) yenye umeme wake yenyewe kwa ajili ya diski, na toka hapo radi sijaiona. Baba alisema nasaha zake zote mpaka mwisho. Mama alishika kitambaa usoni, akaniambia nirudishe nyuma. Kwa jioni ile moja naipa nyota tano.

Ila nikiwa mkweli zaidi, nne. Umeme ulikatika siku ya mvua tukiwa katikati ya kutazama, na memori kadi ikagoma kuwaka. Kodi ikabidi niiweke upya kwenye kadi nyingine. Video zilipona kwa sababu zilikuwa kwenye diski, lakini mpangilio wangu wote ulipotea. Sasa nina kadi ya pili iliyonakiliwa tayari, ipo droo ya tivii, na Mama ameonyeshwa ilipo.

Lile duka halipati kwangu hata nyota moja. Chaja yao ninayo, risiti ninayo, na wiki hii narudi tena, peke yangu.