Kompyuta ya mezani imekufa: ununue ipi, na mafaili uyatoe vipi

Kabla hujaenda Kariakoo kununua nyingine, fungua ile iliyokufa, chomoa hadidiski, ile diski inayotunza mafaili, uiweke kabatini. Mwaka juzi umeme ulirudi kwa nguvu, kompyuta ya steshenari yangu ikazima. Fundi wa kwanza akaniambia diski imeungua. Mle ndani mlikuwa na mitihani ya shule tatu. Kumbe kilichokufa ni pawa saplai, kile kiboksi kinacholeta umeme ndani ya kompyuta. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kutonunua. Mwambie fundi ajaribu pawa saplai nyingine mbele ya macho yako. Kumbuka kwamba Dell na HP nyingi za ofisini zina plagi zake zenyewe, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii.

Kama kilichokufa ni mazabodi, yaani bodi kuu, chaguo langu namba moja ni mashine iliyotumika ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, ya kasha la kawaida au lile jembamba. Ndani kwa kawaida utakuta nafasi ya kufunga diski yako ya zamani, na hilo ndilo tunalolitafuta. Soma namba ya prosesa, ubongo wa kompyuta: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-4570 ni cha 4. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Usiamini jina la modeli peke yake, maana kuna OptiPlex 7010 ya 2012 na nyingine ya 2023, jina lile lile. Ramu isipungue GB 8, na diski yake iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka.

Namba mbili ni laptop iliyotumika. Umeme ukikatika katikati ya barua ya mteja, betri inakuokoa. Utahitaji waya wa SATA (plagi ya diski) kwenda USB, na hapa wengi hukosea: diski kubwa ya mezani, ya inchi 3.5, haizunguki kwa umeme wa USB. Nunua waya wenye adapta yake ya volti 12, la sivyo utaitupa diski nzima ukidhani imekufa.

Tatu, kompyuta za mezani zile ndogo za kukaa kiganjani. Hazili umeme mwingi, ila diski ya inchi 3.5 haiingii ndani yake, kwa hiyo waya ni ule ule.

Ya mwisho ni kizazi cha 3 au 4 yenye Windows ya kukraki, isiyo na leseni. Kwa anayetunza nyaraka za watu, siishauri hata kwa bei ya kutupa.

Sasa mafaili. Washa kwa diski mpya, ya zamani iwe ya pili. Windows ikiuliza ufomati, kataa. Folda ikiomba ruhusa, ipe, usubiri. Ikidai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Diski ikigonga tak-tak, chomoa papo hapo na umtafute mtaalamu wa kuokoa data. Kila unapoiwasha unazidi kuiumiza.

Ukishanakili, fungua picha na mafaili kadhaa uone yanasomeka, unakili tena kwenye diski ya nje, ndipo uifute ile ya zamani.