Uzoefu wangu na programu ya kunasa vikao vya mauzo

Nasimamia maofisa mauzo wa kampuni ya rangi za nyumba hapa Dar es Salaam. Ugonjwa wetu ni ule wa timu nyingi: kikao kinaisha vizuri, watu wanapeana mikono, Ijumaa kwenye ripoti kila mtu ana kumbukumbu yake. Mmoja anasema mteja ameomba siku 30 za kulipa, mwenzake anashikilia 45. Ndiyo maana tukajiunga na programu inayonasa mazungumzo, kuyageuza maandishi na kutoa muhtasari. Jina silitaji, maana nina ya kuisema.

Muhtasari wenyewe ni wa kawaida tu, umejaa "mteja ameonyesha nia". Chenye thamani ni orodha ya ahadi: nani kaahidi nini, na ukibonyeza mstari unasikia sauti yenyewe. Tukiandaa profoma (ankara ya awali ya bei) ya hoteli moja, ubishi ukazuka kama bei tuliyokubaliana ina VAT ndani au haina. Asilimia 18 si kitu cha kupuuza. Tukabonyeza, tukamsikia mteja: "Nipe bei kamili, nisije nikaongezewa tena." Profoma ikatoka mchana uleule.

Kiswahili chetu inakisoma kwa kubahatisha, hasa mtu akichanganya na Kiingereza, na nani hachanganyi? Balaa ni saa. "Alhamisi saa nane mchana" iliandikwa 8:00. Siku hizi kila miadi tunaisikiliza wenyewe kabla ya kuiweka kwenye kalenda.

Halafu imetengenezwa kwa watu wa vikao vya mtandaoni. Biashara yetu nyingi inafungwa kwa kusimama kaunta, Kariakoo, mkokoteni unapita mlangoni na mwenye duka anahudumia wengine watatu. Simu ukiiweka pale inanasa kelele. Kilichotufaa zaidi ni ofisa kutoka dukani, kuingia kwenye gari na kujirekodi dakika moja: mteja kaomba nini, kalalamikia nini, nani anasaini LPO, ile hati ya mteja ya kuagiza mzigo. Hapo maandishi yanatoka safi. Na hilo la nani anasaini ndilo tulilokuwa tunalisahau kuliko yote.

Ruhusa iombwe kabla ya kuwasha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mteja akigundua unamrekodi kimyakimya umeshampoteza. Wengi hukubali ukiwaahidi nakala ya muhtasari. Wa ofisi za serikali mara nyingi hukataa, nasi tunatoa daftari bila kinyongo.

Malipo ni kwa dola, kwa kadi, kwa kila mtumiaji. Kwa timu nzima sioni sababu. Tumebakiza leseni za wanaoshughulika na hoteli na wakandarasi. Wa madukani wanatuma sauti zao kwenye kundi la WhatsApp, na dada wa ofisini anaziingiza kwenye jedwali kila jioni.