Kihesabio cha mkono kwenye makutano ya Goma: kwa magari ni safi, kwa waendao kwa miguu ni nusu kazi

Ni kile kidude cha chuma cha kubonyeza kwa gumba, chenye tarakimu nne, kinachofika 9999 kisha kurudi sifuri. Kwa kuhesabu kwenye mzunguko kama ule wa Chukudu, bado kinaishinda programu ya simu: hakina betri, na jicho halitoki barabarani. Kioo cha simu kikilowa mvua hujibonyeza chenyewe.

Ubovu wake uko ubavuni, kwenye kitufe cha kurudisha sifuri. Kikizungushwa na kitambaa cha mfuko, hesabu yote imekwenda. Basi usikiguse kabisa: kila dakika 15 andika namba inayosomeka, utoe ya awali. Vumbi letu la lava likikwamisha tarakimu kati ya 9 na 0, puliza. Usitie mafuta, yatakusanya vumbi zaidi.

Mtu mmoja ashike viwili: magari kushoto, pikipiki kulia. Pikipiki ipewe nusu ya uzito wa gari, yaani 300 ni sawa na magari 150. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zipigiwe vijiti kwenye karatasi. Yenye shehena ya mkaa na iliyo tupu haziwezi kuwa kitu kimoja.

Uwezo wa mlango wa kuingilia mzunguko wenye njia moja, kwa mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara (Highway Capacity Manual) wa 2016, ni 1380 × e^(−0.00102 × v), e ikiwa ile namba ya hisabati, kama 2.718, na v magari yanayozunguka mbele ya mlango kwa saa. Yakiwa 600, mlango unaingiza magari kama 748 kwa saa. Kanuni hiyo inadhani watu wanapanga foleni. Wamotari hawapangi, kwa hiyo yachukue kuwa makadirio tu.

Kwa waendao kwa miguu, kihesabio kinasema wangapi wamevuka, hakisemi wamesimama muda gani. Kila sekunde 10 hesabu waliosimama ukingoni, ujumlishe. Tuseme kwa dakika 15 jumla ni 648 na waliovuka ni 180: 648 × 10 ÷ 180 = sekunde 36. Kwa kivuko kisicho na taa, mwongozo huohuo wa 2016, unaopima kusubiri kwa madaraja ya A hadi F, unaliita hilo daraja E, na chini yake imebaki F tu.

Angalia mtego: anayejitosa mbio kati ya magari anahesabiwa kavuka bila kusubiri, na wastani unapendeza. Hao wanahitaji kihesabio cha tatu, na mtu wa pili wa kukishika.