Skampi za Uingereza: soma boksi kabla hujalipa

Kwa sisi tuliokulia pwani tukila kamba wa nazi, skampi ya Uingereza inataka kujulikana kwanza ndipo uinunue. Sahanini unaona vidonge vya rangi ya dhahabu, vimeviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, pembeni chipsi, njegere na kipande cha limau. Kwa nje zote zinafanana. Tofauti iko ndani, na ni kubwa.

Nyama yake ni ya mkia wa mnyama mmoja wa baharini, kwa jina la kitaalamu Nephrops norvegicus. Si kamba wa kawaida. Ujamaa wake wa karibu ni na wale kamba wakubwa wa Ulaya wenye magando. Ana mwili mwembamba wa rangi ya chungwa lililopauka, magando marefu membamba na macho meusi. Makazi yake ni mashimo anayochimba kwenye tope la chini ya bahari, kuanzia Iceland na Norway hadi Mediterania, na Uskoti ni moja ya sehemu anakovuliwa kwa wingi sana. Hutoka shimoni kutafuta chakula mwanga ukiwa hafifu, na jike mwenye mayai hujificha humo miezi ya baridi, ndiyo maana majira hayo wavuvi hupata zaidi madume.

Wakubwa wakubwa hunaswa kwa mitego ya vizimba, mfano wa madema yetu, wakatolewa wazima na wengi kusafirishwa Hispania na Ufaransa. Niliwahi kuwala Oban, pwani ya magharibi ya Uskoti: wamechemshwa tu, siagi na kitunguu saumu pembeni. Unashika mkia, unaubana mpaka gamba linalia, unalifungua kwa dole gumba, na nyama inatoka nzima, nyeupe, tamu kuliko kamba yeyote niliyemla. Wadogo wanaovuliwa kwa nyavu za kukokota ndio wengi wao hukatwa mikia, na mikia hiyo ndiyo inayoishia kwenye skampi.

Sasa boksi. Kwenye friza za supamaketi kuna aina mbili. Ya kwanza imeandikwa kuwa ni mikia mizima: kila kidonge kina mkia mmoja. Ya pili, ya bei nafuu, imetengenezwa kwa vipande vilivyovunjika vya mikia, vikachanganywa na maji na wanga au kitu kingine cha kushikanisha, vikafinyangwa upya na kupakwa chenga. Sheria inataka ieleweke kwenye boksi, lakini maandishi ni madogo, kwa hiyo geuza usome orodha ya viambato. Angalia asilimia ya nyama. Nyingi nilizosoma hazikufika hata nusu, kilichobaki ni ganda la unga, mafuta na maji.

Nilizioka aina zote mbili trei moja. Nilipokata ya mikia mizima, nyama ilikuwa imejikunja, nyuzi zake zinaonekana, na utamu wa bahari upo. Ile ya kufinyangwa ilikuwa nyeupe sawasawa kila upande, laini kama soseji, ladha kubwa ikiwa ya chumvi na mkate. Mikia mizima naipa nyota nne kati ya tano. Moja naipunguza kwa sababu ganda bado ni nene mno. Ile nyingine naipa mbili.

Kuzipika, oveni iwe ya moto kweli, kama nyuzi 200 au zaidi, na usizirundike. Zikipitiliza nyama inakuwa mpira. Mimi siitumii ile sosi nyeupe ya mayonezi. Naweka ukwaju wenye pilipili, na inakubali vizuri sana.

Ndugu Waislamu: kwetu Mashafii mnyama huyu hana shida, ila ulizeni mafuta ya kukaangia kama yanapikiwa na vitu vingine, na muangalie ganda, kwa maana baadhi huchanganywa na bia. Wenye mzio wa kamba wasiguse kabisa. Na mkiwa Marekani msishangae: huko mkiagiza skampi mtaletewa kamba wa kawaida waliopikwa kwa siagi, kitunguu saumu na mara nyingi mvinyo mweupe, bila chenga yoyote.

Kinachoniudhi ni migahawa. Pabu moja niliyokula menyu iliandika skampi tu, bei ya mikia mizima, na zilizokuja zilikuwa za kufinyangwa. Siku hizi namuuliza mhudumu kabla ya kuagiza. Akiwa hajui, nachukua samaki na chipsi.